Chupa tatu za multivitamini, kisha vidonge vya chuma: uzoefu wangu Kisumu

Mwaka jana nilikuwa siwezi kupanda ngazi za kibanda chetu cha ushonaji, karibu na soko la Kibuye, bila kupumzika njiani. Moyo unadunda, na nikiinuka ghafla kwenye cherehani macho yanaingia giza. Mteja wangu mmoja anauza virutubisho. Akanihakikishia kuwa mwili wangu umeishiwa vitamini, akaniuzia chupa ya vidonge 60 kwa shilingi 3,800, viwili kwa siku. Ikaisha, nikachukua ya pili, kisha ya tatu.

Vidonge vyenyewe havina shida kumeza. Siku ya pili mkojo ulikuwa wa manjano ya kung'aa, nikafurahi, nikajua dawa imeanza kazi. Kumbe ni vitamini B2 tu: mwili ukishatosheka nayo, inayobaki inatoka na mkojo. Uchovu ulibaki palepale.

Chupa ya tatu ilipokaribia kuisha niliibeba hadi duka la dawa Kondele, niulize kama wanayo kwa bei nafuu. Dada aliyenihudumia aliigeuza, akapitisha ukucha kwenye yale maandishi madogo mgongoni, akaushusha polepole hadi kwenye mstari wa chuma, madini ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Miligramu 5, kwa vidonge viwili. "Mama, umeshawahi kupimwa damu?" Sikuwa nimepimwa. Alinionyesha vidonge vya ferasi salfeti, miligramu 200 kila kimoja, ambavyo ndani vina chuma chenyewe kama miligramu 65. Lakini alikataa kuniuzia hata kimoja kabla sijapima. Wapo wasiopaswa kujimezea chuma bila daktari, akasema, kama watu wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, na huku kwetu familia nyingi zinaujua ugonjwa huo. Ninamshukuru mpaka leo.

Kipimo cha damu (hemoglobini, kwa gramu katika desilita) kilisoma 9.2. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu. Daktari aliniuliza kuhusu hedhi, na ndipo nilipotamka kwa mara ya kwanza kwamba inatoka nyingi mno, siku nane. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Matibabu ya hilo nayo yakaanza.

Sasa vidonge vya chuma. Bei haifiki hata robo ya chupa moja ya ile multivitamini, ila usitegemee raha. Wiki ya kwanza nilikuwa na kichefuchefu, choo kikafunga, kikawa cheusi tii. Nilikuwa nimeonywa kuhusu huo weusi, la sivyo ningeviacha. Niliporudi kulalamika kuhusu tumbo, daktari aliniambia nimeze siku moja, nipumzike siku moja, maana chuma bado kinaingia vizuri hivyo. Tumbo likatulia.

Kosa langu kubwa lilikuwa chai. Nilikuwa nameza kidonge na kikombe cha chai ya maziwa iliyokolea, na majani ya chai yanazuia chuma kufyonzwa, hata kalsiamu ya maziwa inakipunguza. Siku hizi nameza alfajiri kwa maji niliyokamulia limau, kwa sababu vitamini C inakisaidia kuingia. Chai nainywa saa nne, nikiwa kazini. Hata mboga za osuga na omena za jioni nazikamulia limau.

Jambo moja nawasihi wenye watoto: vidonge hivi ni vyekundu, vinang'aa kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Vyangu viko juu ya kabati, ndani ya mkebe wenye kufuli.

Sisemi multivitamini hazina kazi. Anayepanga kupata mimba anahitaji asidi ya foliki, asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12. Lakini vitamini A haitoki na mkojo kama ile B2. Inarundikana kwenye ini, na ikizidi ni hatari kwa mimba. Kwa hiyo mjamzito asinunue chupa yoyote kwa maneno ya muuzaji.

Baada ya wiki nane damu ilisoma 11.6, na mwezi uliopita 12.7. Daktari ameniambia niendelee miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae. Jana nilipanda zile ngazi na robota la vitambaa begani, na nilipofika juu niliketi moja kwa moja kwenye cherehani.