Haibiskasi (vichaka vya maua) za vitalu vya barabarani Kampala: mche mzuri, maelekezo hakuna

Miche ni mizima, mizizi haijabanana. Kasoro ni kwamba imekuzwa chini ya neti ya kivuli, na muuzaji hakwambii. Ukiupeleka mche moja kwa moja kwenye jua la saa saba mchana, majani yatababuka madoa meupe. Anza na jua la asubuhi, masaa mawili, ukiongeza saa moja kila siku mbili hadi yafike sita. Pungufu ya hapo utavuna majani tu, matawi marefu membamba na vitumba vinavyodondoka kabla ya kufunguka. Baraza ya mashariki haina mpinzani. Ile ya kaskazini, hapa karibu na ikweta, hupata jua Juni, ila Desemba imo kivulini.