Zahanati ya Malindi mjini: mikono mizuri, wengu wanaukosa

Hapa tumbo hupimwa kwa mkono kabla ya kuandikiwa picha, jambo adimu siku hizi. Unalala chali, magoti yamekunjwa ili misuli ilegee. Tabibu hupasha viganja joto, husikiliza matumbo kwanza (ukibonyeza kabla, sauti zaweza kubadilika), hugonga tumbo kwa vidole, kisha hubonyeza taratibu, kama sentimita 1, akianzia mbali na panapouma huku akikutazama usoni.

Kasoro ni wanavyopima wengu (bandama). Wanaanzia juu, chini ya mbavu za kushoto. Wengu uliovimba sana kwa malaria hushuka kuelekea kitovuni, na mkono huupita ukingo wake. Waanzie chini kulia, wapande kuelekea mbavu za kushoto kila mgonjwa avutapo pumzi. Kitanda nacho kimebana ukutani, tena upande wa kulia wa mgonjwa, ambako mpimaji husimama!