Mwani kwenye bwawa la kupozea mashine: mrututu au reki?

Wakulima wa kahawa kule Mbozi dawa za shaba wanazijua vizuri, kwa hiyo bwawa la kiwanda likianza kuvaa utando wa kijani, wa kwanza kutajwa ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Na kweli unafanya kazi. Uyeyushe, unyunyize asubuhi ya jua, na siku chache tu mwani unageuka kahawia na kuzama.

Tatizo linaanzia hapo unapozama. Unaoza chini na kumaliza hewa ya majini. Samaki, kama wapo, wanaanza kuhema juu juu. Rutuba iliyoulisha nayo inarudi majini kulisha mwani mwingine. Maji yakiwa na chokaa nyingi, shaba inatulia kwenye tope kabla haijafanya lolote. Isitoshe, ikipita kwenye mabomba ya mabati au vipozeo vya alumini, inavila. Bomba likitoboka, unafuu wa bei ya dawa unausahau.

Reki ni jasho. Kwenye bwawa moja la Mufindi tulivuta kamba inayoelea, wawili kila upande, tukiukusanya mwani kabla upepo haujausukuma kwenye chujio la pampu. Ukiushika ni kama sufi iliyolowa, mzito ajabu. Lakini ukitoka, umetoka na rutuba yake, moja kwa moja kwenye mboji. Unarudi, ndiyo, hasa mvua ikishusha mbolea ya mashambani.

Mimi ningeshika reki. Mrututu ukae stoo kwa siku chujio linapozidiwa, na hapo nusu bwawa kwanza.