Land Cruiser ya 1HZ (injini ya dizeli) inakata mafuta: utafute kosa kwa mpira unaoonyesha ndani au kwa dumu?

Mpira unaoonyesha ndani, kipande cha sentimita 20 kinachofungwa kati ya filta na pampu ya dizeli ya injini, ni bei ya soda na unaweza kwenda nao mlimani. Viputo vikipita, hewa inaingia kabla ya hapo: mara nyingi pampu ya mkono juu ya filta, au mpira uliochanika kwenye klipu. Chujio la tangini likiziba, mpira huo huenda usikuambie kitu.

Dumu la dizeli la lita 5 likining'inizwa juu ya pampu ya injini na kuilisha moja kwa moja, injini ikachangamka, pampu haina kosa. Kagua tangi, mabomba na filta. Dizeli ichujwe kwanza, maana filta imerukwa. Usiendeshe nalo barabarani.

Tatizo la kuja na kuondoka, tumia mpira. Gari imelala gereji, dumu.