Kaukumbi ka muziki laivu Makindye, Kampala: nimeenda mara tano, haya ndio nimeyaona

Nimeenda pale mara tano tangu mwaka uanze na wiki hii nimelipia tena shoo mbili zinazokuja, kwa hiyo msije mkasema nina chuki, mtu hachukii pahali halafu anaendelea kupatumia pesa za simu, MoMo. Jina silitaji kwa sababu kuna mambo ya pesa nitayasema hapa chini na sitaki maneno na wenyewe. Ni kale kaua kenye mwembe katikati na geti la mabati, mabenchi na viti vya plastiki, watu mia wakiingia mnaanza kukaliana.

Kwa nini mimi huenda? Shoo kubwa za Kampala zimenichosha bwana. Unalipa elfu hamsini, unasimama kwenye kiwanja mpaka saa nane usiku, msanii anafika na magari matatu, anaimba nyimbo nne juu ya CD, maiki iko kifuani na sauti bado inatoka tu, anauliza Kampala mpo, mnapiga kelele, ameenda. Hapa hakuna CD. Kwanza mpigaji akikosea unaona mwenzake anavyomwangalia.

Ya kwanza kwenda ilikuwa ya adungu, kile kinubi cha nyuzi. Mimi ni mtoto wa Arua, na adungu kwetu West Nile ni kitu cha kanisani na cha harusi, Waalur ndio wenyewe, nimekua naisikia mpaka nikawa siisikii tena. Sasa pale nilikaa kama mita mbili kutoka kwa mzee wa ile kubwa ya besi, ile yenye tumbo kama mtumbwi uliofunikwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi za nailoni kama za kuvulia samaki, nikawa nasikia vitu ambavyo kwenye spika ya kanisa haviji kabisa, ule mti unavyoguna kidogo kabla uzi haujalia, na kucha yake inavyokwaruza. Walipopumzika nikaenda kumsalimia. Akaniuliza wewe mtoto wa wapi, nikasema wa Arua mzee, mtaa wa Oli. Akacheka, akasema basi wewe ni wa mjini, yeye ni wa Nebbi.

Halafu mvua ikaja. Ile ya Kampala ambayo haibishi hodi. Jukwaa limeezekwa mabati, na mabati yakishapigwa na mvua hiyo muziki wa nyuzi umekwisha, mnaona vidole tu vinatembea. Hapa fundi wa saundi akaharibu, akaanza kupandisha spika eti ashindane na mvua, maiki zote zikapiga mluzi watu wakaziba masikio, mpaka mzee wa Nebbi akamwonyesha mkono, zima. Tukakaa. Yule wa engalabi, ile ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge, akaigonga mara moja ikasema pff kama godoro, unyevu ulikuwa umeshaingia kwenye ngozi ikalegea. Akaibeba begani kama mtoto, akaenda nayo kwa kijana wa mchomo. Kijana akasogeza mishikaki ya mbuzi upande mmoja wa sigiri, jamaa akainamisha ngoma upande wa pili, anaizungusha polepole juu ya makaa, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa, bado, anazungusha tena, na sisi wote na bia zetu tunaangalia kenge na mbuzi wanaota moto pamoja. Dakika kumi hivi. Mara akagonga, PA! Ua mzima tukapiga makofi, na mvua ilikuwa bado haijaisha. Mimi kiingilio changu kilirudi pale pale.

Ila sasa ya upande wa pili.

Saa. Bango linaandika 7 PM, meseji ya WhatsApp inasema saa 1 kamili, na mpigaji wa kwanza anapanda saa tatu na nusu. Sisi wenyeji tumeshazoea lakini siku moja kuna mzungu mmoja alisoma hiyo saa 1 kwa hesabu ya kwao akafika saa saba mchana, akakuta wanafagia. Wakampa kiti akakaa, maskini, mpaka usiku. Mimi sasa hivi natoka nyumbani saa tatu na sijawahi kuchelewa.

Pesa. Mwezi wa tano nililipa tiketi mbili za mapema, elfu kumi na tano kila moja (mlangoni ni elfu ishirini), bendi haikufika, gari lilikufa njiani, hilo linatokea sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba walijua tangu jioni na wakatuacha tununue vinywaji mpaka saa nne ndipo emsii akashika maiki kuomba radhi. Dada wa tiketi akaandika namba yangu kwenye daftari la mistari, akaniambia ssebo (bwana) kesho asubuhi utaona meseji. Hiyo kesho ilichukua siku kumi na moja na simu nne, kila nikipiga meneja yuko kwenye kikao, mtu mwenye ukumbi wa mabenchi ishirini vikao gani hivyo vya kila siku banange. Na zilipofika zilikuwa zimekatwa ada ya kutuma! Yaani nimelipia kurudishiwa pesa yangu. Tangu siku hiyo silipi tena mapema kwa bendi inayotoka mbali, nalipa mlangoni, hiyo elfu tano ya juu naihesabu kama bima.

Lakini jambo moja nilikuwa sijui. Kwa maelezo ya yule mzee wa adungu, pale wanagawana hivi: pesa ya mlango ni ya bendi, pesa ya baa ni ya nyumba, yaani wenye ukumbi. Ndio maana soda ni ghali, na ndio maana ukiingia kwa kujuana na askari wa geti, kama nilivyofanya mimi mara ya pili, nyumba haijapoteza kitu, umemla yule mzee wa Nebbi. Niliona aibu kweli. Siku hiyo niliagiza na chipsi nikadhani nimelipa fadhila, kumbe chipsi ni za nyumba.

Sasa zinazokuja. Ijumaa hii ni kadongo kamu, mtu mmoja na gitaa lake anakusimulia mambo ya mume na mke na kiwanja kilichouzwa mara mbili, kwa Kiganda kile cha ndani ambacho mimi nusu kinanipita, kwa hiyo huwa natafuta kukaa karibu na mzee yeyote anayecheka, nikimwuliza ananitafsiria, ila kicheko changu kinachelewa mstari mmoja. Hiyo nendeni. Jumamosi kuna bendi nzima ya kupiga nyimbo za zamani za Afrigo, ile bendi kongwe ya Uganda, na Afrigo naipenda, watu wako kazini tangu 1975 si mchezo, lakini kwenye ua ule dramu na tarumbeta zinakupiga kifuani na mwimbaji humsikii, fundi ni yule yule wa mluzi. Mimi siendi.

Ninayoingoja ni ya mwisho wa mwezi, embaire ya Wasoga, ile marimba kubwa ya vibao vya mti. Amadinda, marimba ya Waganda, ina vibao 12 na watu watatu, unaiweka juu ya vigogo vya migomba popote na inapiga. Embaire inataka shimo chini yake, lile shimo ndilo spika, na wapigaji wanaizunguka huku na huku. Nilidhani wataidanganyia pale kwenye saruji. Wiki hii nilipopita kulipia nikakuta wameshachimba, nyuma ya mwembe, shimo refu kama la kuoteshea migomba, limefunikwa mbao mbili na tairi juu ili walevi wasitumbukie. Askari akaniambia ameshamtoa mmoja.

Hiyo nimelipia mapema, sheria yangu nimeivunja mwenyewe, Busoga si mbali sana. Mkija msikae upande wa baa, friji lao linanguruma. Kaeni mabenchi ya kushoto kwenye ukuta, choo kiko mbali kidogo lakini saundi ndio iko pale. Na boda ya kurudi muielewane bei kabla hamjaingia, ikifika saa sita wale vijana wa nje wanajua hamna namna.