eCFR: Tovuti ya bure kwa wanaotunza hesabu za ruzuku za Marekani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza hesabu za shirika dogo lisilo la faida linalopokea ruzuku za serikali kuu ya Marekani, na katika muda huo sijapata chombo kinachonifaa kuliko tovuti ya eCFR (kifupi cha Kiingereza cha mkusanyo wa kielektroniki wa kanuni za serikali hiyo), ambayo haitozi hata senti wala haimtaki msomaji ajisajili. Ndani yake zimo kanuni zote za serikali hiyo, lakini mtu wa ruzuku karibu kila mara huishia mahali pamoja, yaani Sehemu ya 200 ya Juzuu ya 2, yenye masharti ya usimamizi, gharama na ukaguzi. Masharti hayo yalitolewa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti mwaka 2013, yakaanza kutumika Desemba 2014, na yakaondoa utaratibu wa zamani ambapo vyuo vikuu vilikuwa na nyaraka zao za masharti, majimbo yalikuwa na zake, na mashirika kama letu yalikuwa na zake.

Kinachoipa tovuti hii thamani machoni pangu ni kitufe cha tarehe. Unaweza kuchagua siku yoyote tangu mwanzoni mwa 2017 ukasoma kifungu kama kilivyokuwa siku hiyo. Anayeona hilo ni pambo hajawahi kufunga hesabu za ruzuku mbili za vipindi tofauti kwa wakati mmoja. Marekebisho yaliyoanza Oktoba 1, 2024 yalipandisha kiwango cha bei kinachofanya kitu kihesabiwe kifaa cha kudumu kutoka dola 5,000 hadi 10,000. Chukua mashine ya kunakili ya dola 7,200. Ikiwa imenunuliwa kwa ruzuku ya 2022 ambayo masharti yake hayajabadilishwa, ni kifaa cha kudumu: huandikwa kwenye daftari la mali pamoja na namba yake, chanzo cha fedha na mahali ilipo, kisha huhakikiwa kwa macho angalau mara moja kila miaka miwili. Mashine hiyo hiyo ikinunuliwa kwa ruzuku ya 2025, huingia kwenye vifaa vya matumizi, mradi sera ya shirika lenyewe haijaweka kiwango cha chini zaidi. Mimi nilisoma toleo jipya kwa ajili ya ruzuku ya zamani, nikaiondoa mashine ya namna hiyo kwenye daftari, na mkaguzi akaigundua kabla hajamaliza chai yake.

Hata hivyo, tovuti haikuambii tarehe ipi inakuhusu. Kiwango cha matumizi ya fedha za serikali kuu kinachomlazimu mpokeaji kufanyiwa ukaguzi wa pamoja (yaani ukaguzi mmoja unaohusu hesabu zake na fedha zake zote za serikali kuu) kilipanda kutoka dola 750,000 hadi 1,000,000 katika marekebisho yale yale, lakini hapa kinachoangaliwa si siku ruzuku ilipotolewa, bali mwaka wa fedha wa mpokeaji ulioanza Oktoba 1, 2024 au baada yake. Shirika ambalo mwaka wake ulianza Julai 2024 na likatumia dola 800,000 lilipaswa kukaguliwa, ingawa kwenye skrini, kwa miezi tisa ya mwisho ya mwaka huo, lilikuwa likisoma milioni moja. Kwa mambo ya namna hii bado unahitaji mhasibu anayejua kazi yake.

Utafutaji wa ndani haunivutii, kwa kuwa usipouwekea mipaka hukuletea kanuni za wizara ambazo hazikuhusu. Mimi hufungua Sehemu ya 200 nzima kwenye ukurasa mmoja na kutafuta kwa kivinjari. Fasili za maneno nazo zinachosha. Kabla ya marekebisho ya 2020 kila moja ilikuwa na namba yake, na sasa zote zimo katika kifungu cha 200.1 bila namba, jambo ambalo si kosa la tovuti.

Ifahamike pia kwamba eCFR, ingawa husasishwa kila mara, si toleo rasmi kisheria. Toleo rasmi ni lile la kila mwaka, ambalo kwa Juzuu ya 2 huonyesha kanuni zilivyokuwa Januari 1. Ndiyo maana kila ninapofanya uamuzi wenye utata huchapisha kifungu kikiwa na tarehe yake na kukitia kwenye jalada la ruzuku husika, jalada ambalo kwa kawaida hutunzwa miaka 3 tangu kuwasilishwa kwa taarifa ya mwisho ya fedha.