Nilivyohamishia kaseti za dansi kwenye flashi Mwanza: sauti safi, mtangazaji kafutwa

Mafundi wa kuhamishia kaseti kwenye flashi hapa Mwanza wamebaki wa kuhesabu. Mimi nilipeleka zangu kwenye kibanda kimoja mjini kati, elfu tano kwa kaseti. Ni za marehemu mjomba, nyingi alizirekodi kutoka redioni, nami nakusanya habari za muziki wa dansi uliosikilizwa huku Kanda ya Ziwa miaka ya 70 na 80.

Kwenye sauti jamaa hana mpinzani. Kaseti moja ya dakika 90 redio yangu ilikuwa inaitafuna. Alifungua skrubu, akahamishia utepe kwenye kasha jingine lenye sponji nzima, akapangusa hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe) kwa pamba na spiriti. Halafu akawa anazungusha bisibisi ndogo pembeni ya hedi, kuinyoosha ilingane na utepe, huku katega sikio, taratibu, mpaka manyanga yakaanza kusikika nyuma ya magitaa. Kazi hii haina njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inachezwa dakika 90. Atakayekuahidi kukumalizia mfuko mzima kwa saa moja, mkimbie.

Shida niliikuta nyumbani Nyegezi nilipofungua flashi. Nyimbo zimekatwa moja moja, zote MP3, na mtangazaji wa Radio Tanzania hayumo. Nilipopiga simu akanijibu kwa fahari, "Nimekusafishia, kaka." Kwa anayetaka muziki wa kwenye gari, sawa kabisa. Kwangu alikuwa amefuta nusu ya nilichofuata.

Miaka ile bendi nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania, Dar es Salaam, nyimbo zikarushwa hewani. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 mambo yakazidi kuwa magumu. Watu wakarekodi kutoka redioni. Kaseti ya namna hiyo haina lebo ya kampuni, haina namba, haina mwaka. Kinachokusaidia ni maneno ya mtangazaji.

Kwenye kaseti moja anatamka wazi "Juwata Jazz". Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka JUWATA mwaka 1978 bendi nayo ikabadili jina, na mwaka 1991 chama kilipogeuka OTTU ikabadili tena. Kwa hiyo matangazo yale hayawezi kuwa ya kabla ya 1978, hata kama wimbo wenyewe ulirekodiwa zamani zaidi. Mzee mmoja wa Kirumba aliniapia kwamba aliucheza kabla hajaoa, mwaka 1975, na huenda yuko sahihi. Tarehe ya wimbo na tarehe ya kurushwa ni vitu viwili. Sasa fundi wangu faili hilo kaliandika "Msondo Ngoma", jina linalotumika leo. Mtu akilipokea hivyo bila kaseti, ataandika nini?

Nilirudi na kaseti zote. Akanuna kidogo, akakubali kurudia kwa nusu bei. Safari hii nikamwandikia kwenye karatasi: faili ziwe WAV (sauti isiyobanwa kama ya MP3), upande A mzima, upande B mzima, asikate hata ukimya, na apige picha kava na mwandiko wa mjomba. (Kava moja limeandikwa "USIREKODIE JUU" kwa wino mwekundu, na bado kuna mtu alirekodia kwaya.) Nilimpelekea na santuri pia; kwenye hizo nikamwomba picha ya lebo na ya ile namba iliyochongwa karibu na katikati, mifereji inapoishia. Ukikuta namba ileile kwenye santuri mbili zenye lebo tofauti, ni dalili kubwa kwamba rekodi ni ileile. Alikuwa hajawahi kuiangalia. Sasa anaionyesha kila mteja.

Sauti nampa nyota tano, mengine mbili. Ukienda, mpe maelekezo kabla hajabonyeza plei, na uondoke na kaseti zako. Zangu alishaanza kuziweka kwenye boksi la taka.